Bodi ya mtumba ya Range Rover: soma chasisi kabla hujatuma pesa

Neno "Range Rover" peke yake halitoshi kununulia boneti. Nalisema hili mapema kwa sababu swali ninaloletewa mara nyingi, kutoka Kizingo na Nyali hadi Mtwapa na Malindi, huwa ni lile lile: "Nimepata boneti ya Range, rangi ni hiyo hiyo, bei ni nzuri. Nichukue?" Mimi hujibu kwa swali: Range ipi, ya mwaka gani, na namba ya chasisi inasemaje? Hapo wengi hunyamaza.

Mimi si fundi wa kunyoosha bodi. Kazi yangu kwa miaka sasa ni kuwatafutia watu spea za mtumba, kuziagiza na kuzitoa bandarini. Nimeona pesa nyingi zikipotea kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa dakika 10 za kusoma namba. Range nyingi tunazoendesha huku Pwani tumezipata zikiwa tayari zimetumika, na wenye nazo wengi wana bima ya mtu wa tatu tu. Ukigonga mbele, hasara ni yako. Boneti, fenda, bampa na taa vikiwa vipya vinaweza kula sehemu kubwa ya thamani ya gari lenyewe, kwa hivyo mtumba ndio njia ya wengi. Shida ni kwamba kipande kilichokwisha kuvuka bahari hakirudi. Kikikataa kukaa, kitaegemea ukuta wa gereji mpaka kishike kutu.

Jina moja, magari mengi

Jina Range Rover limewekwa kwenye magari yasiyohusiana hata kidogo kwa bodi. Kuna Range Rover kubwa, ambayo huku wengi huiita Vogue ingawa Vogue ni daraja tu la vifaa. Kuna Range Rover Sport. Kuna Evoque iliyoanza 2011, na Velar iliyoanza 2017. Fenda ya moja haiingii kwa nyingine.

Hata ile kubwa ina vizazi vyake. Ya kwanza ilitoka 1970. Ya pili, iitwayo P38, ilianza 1994. Ya tatu, L322, ilitengenezwa hadi 2012, na hii ndiyo ambayo bado inaonekana sana barabarani kwetu. Ya nne, L405, ilianza 2012, kisha ikaja L460. Upande wa Sport, ya kwanza ni L320, kuanzia 2005 hadi 2013, na iliyofuata ni L494. Zishike herufi na namba hizi kichwani, maana wauzaji wa nje huzitumia kuliko jina. Muuzaji akikuandikia "Range Rover 2008" bila kusema ni L322 au L320, bado hajakwambia kitu.

Kosa ninaloliona zaidi ni kuchanganya L322 na Sport L320. Kwa mbali zinafanana: taa za mraba, uso mpana. Lakini pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. L322 ina milimita 2,880, Sport ina 2,745. Sport ile ilijengwa juu ya msingi wa Discovery 3, si wa Vogue. Jamaa mmoja wa Kilifi aliuziwa boneti ya Sport kwa ajili ya Vogue yake, akaambiwa fundi "ataivuta kidogo". Boneti haivutwi. Bawaba hazikukutana na matundu yake, na pengo upande wa taa liliingia vidole viwili.

Wapo pia wanaosema kwamba Sport na Discovery 3 ni ndugu, basi na bodi zitaingiliana. Undugu wao uko chini: msingi, injini na sehemu nyingi za miguu. Juu kila moja ina nguo zake.

Namba 17 zinazosema ukweli

Namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17. Iko chini ya kioo cha mbele, unaiona ukisimama nje, na imeandikwa pia kwenye kitabu cha gari. Land Rover zote zilizotengenezwa Uingereza huanza na SAL. Kwa magari yaliyotengenezewa soko la Uingereza, na mengi yaliyoletwa kwetu, L322 huanza na SALLM, Sport ya kwanza SALLS, na Discovery 3 na 4 SALLA. L405 huanza na SALG, na L494 SALW.

Sasa hesabu mpaka nafasi ya 10. Hiyo ndiyo alama ya mwaka wa modeli. 6 ni 2006, 7 ni 2007, hivyo hivyo hadi 9. Kisha zinaingia herufi: A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012, D ni 2013. Mwaka huu wa modeli si lazima ulingane na mwaka ulioandikwa kwenye kitabu. Gari lililotoka kiwandani mwishoni mwa 2009 linaweza kuwa na A, yaani lina uso wa 2010. Mwenye gari akiagiza "bampa ya 2009" kwa kufuata kitabu, ataletewa bampa ya uso wa zamani.

Kwa hivyo unahitaji namba mbili, ya gari lako na ya gari linalochinjwa. Muuzaji wa kweli hana sababu ya kukuficha hiyo ya pili. Ukishazipata, omba pia namba ya kipande chenyewe. Nyingi za miaka ya karibuni huanza na LR, na mara nyingi huwa kwenye kibandiko au zimepigwa upande wa ndani. Kiwanda hubadilisha namba za vipande baada ya muda, kwa hivyo namba mbili tofauti zaweza kuwa za kipande kimoja. Muuza spea mwenye katalogi atakuangalizia kama ya pili imechukua nafasi ya ya kwanza.

Uso uliobadilika

Ndani ya L322 peke yake kuna nyuso tatu. Za 2002 hadi 2005 zilikuja na injini za BMW. Kwa mwaka wa modeli 2006 ziliingia injini za petroli zenye asili ya Jaguar, na taa, grili na bampa zikabadilika. Mwaka wa modeli 2010 uso ukabadilika tena. Sport L320 nayo ilibadilishwa uso kwa mwaka wa modeli 2010.

Vijana wengi wanapenda kuchukua gari la 2004 na kulivalisha uso wa 2010. Inafanyika, lakini nunua seti nzima kutoka gari moja: bampa, grili, taa mbili na mabano yake. Ukinunua taa leo na bampa mwezi ujao kutoka kwa mtu mwingine, utakuwa unalipa mafundi wachonge plastiki. Na taa za uso mpya zina plagi tofauti. Muulize fundi wa umeme kabla ya kuagiza.

Bampa lenyewe ukague matundu. Kuna lenye matundu ya sensa za kuegesha na lisilo nayo, kuna lenye vifuniko vya vinyunyizio vya kuoshea taa na lisilo navyo. Kutoboa tundu la sensa kwa macho ni kujitafutia kelele ndani ya gari kila ukirudi nyuma. Kumbuka pia kwamba unachokiona kama bampa ni gamba la plastiki. Nyuma yake kuna mhimili wa chuma au alumini unaopokea pigo. Nimeona magari yaliyovishwa gamba jipya linalong'aa huku mhimili uliopinda ukiachwa ndani. Gari kama hilo linapendeza, lakini likigongwa tena halina cha kulikinga.

Kwenye L405 kuna mtego mwingine. Iko fupi yenye milimita 2,922 kati ya magurudumu na ndefu yenye 3,122. Milimita hizo 200 zimeingia nyuma, kwa hivyo mlango wa nyuma wa ndefu hauwezi kukaa kwenye fupi. Ukiagiza mlango wa nyuma, taja urefu.

Cha kufungua na cha kukata

Mimi hugawa bodi mafungu mawili. La kwanza ni vitu vinavyofungwa kwa bolti: boneti, fenda za mbele, milango, mlango wa buti, bampa. Hivi ndivyo vya kununua mtumba bila hofu kubwa. La pili ni vilivyo sehemu ya mwili wenyewe: ubavu wa nyuma, nguzo za milango, paa, kizingiti cha chini ya milango. Hivi hukatwa kutoka gari moja na kuungwa kwenye jingine, na hapo ndipo usalama wa watu walio ndani ulipo. Kwa L322, ambayo mwili wake ni wa chuma, fundi hodari wa kuchomelea anaweza. L405 na L494 miili yake yote ni ya alumini, na vipande vimeunganishwa kwa riveti na gundi maalum badala ya kuchomelewa. Ukimwona fundi anawasha mashine ya kawaida ya kuchomelea mbele ya ubavu wa L405, mwambie, "Fundi, ngoja kwanza."

Ukinunua mlango, nunua na bawaba zake ikiwezekana. Ukinunua boneti, kagua makomeo na bawaba kuliko unavyokagua rangi. Boneti iliyopigwa na kunyooshwa inaweza kufunga ukiwa umesimama na kufunguka ukiwa barabara ya Nairobi, kilomita 100 kwa saa, ikakuziba kioo chote.

Sumaku na chumvi

Chombo cha kwanza kwenye mfuko wangu ni sumaku ndogo. Kwenye L322, boneti, fenda za mbele na milango ni alumini, na mwili uliobaki ni chuma. Sumaku haishiki alumini. Ikishika boneti ya L322, basi hiyo si ya kiwandani. Kwa upande wa pili, ile hila tuliyoizoea ya kupitisha sumaku ili kugundua bodi iliyojazwa fila haifanyi kazi kwenye alumini. Pale tumia macho na kifundo cha kidole. Geuza kipande, tazama mgongo wake. Kilichonyooshwa huwa na alama za nyundo kwa ndani hata kama nje kinang'aa kama kioo. Ukigonga mahali penye fila, mlio unakuwa mzito.

Sisi wa Pwani tuna adui ambaye wa Nairobi hamjui sana: chumvi. Alumini haitoi kutu nyekundu, hutoa unga mweupe na malengelenge chini ya rangi, hasa kingo za chini za milango. Inakuwa mbaya zaidi inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, kwa sababu madini hayo mawili yakikutana kwenye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana nasisitiza boneti na fenda zifungwe kwa bolti zake zenye mipako, si bolti yoyote iliyookotwa kwenye mkebe wa gereji. Fundi pia asitumie kwenye alumini brashi au jiwe la kusagia alilotoka kusagia chuma. Chembe za chuma zikijikita ndani ya alumini, malengelenge yatatokea chini ya rangi mpya.

Uliza kipande kimekaa wapi. Fenda iliyoning'inizwa uwanjani misimu miwili karibu na bahari si sawa na iliyoshuka juzi kutoka kontena, hata kama zote zimetoka gari la mwaka mmoja.

Itoke wapi?

Uingereza ndiko kwenye Range nyingi za kuchinjwa, na usukani wao uko kulia kama wetu. Vipande vyao hukaa bila maswali. Kasoro yake ni kwamba kule barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, kwa hivyo vipande vya chuma vya chini na mlango wa buti uvikague kutu. Tangu Oktoba 2017, magari yaliyofutwa na bima kule huwekwa alama A, B, S au N. A ni la kusagwa lote, halitakiwi kutoa hata kipande kimoja. B, mwili husagwa lakini vipande vinaweza kuuzwa. S limeumia muundo, N halikuumia muundo. Muulize muuzaji herufi ya gari alilolichinja.

Japani nako usukani ni kulia. Range huko si nyingi kama Toyota, lakini zinazopatikana mara nyingi ni safi.

Sharjah na Dubai ni karibu, ndugu zetu wengi wako huko, na mizigo haikauki. Hewa kavu hupunguza kutu. Lakini magari yao yana usukani wa kushoto. Boneti na fenda kwa kawaida hazina shida. Shida ni taa za mbele: taa ya usukani wa kushoto hurusha mwanga kuelekea kulia, na kwetu huko ndiko anakotokea dereva mwenzako. Usiku barabara ya Malindi utampofusha. Mlango wa dereva nao una swichi kuu za vioo na mara nyingi tundu la ufunguo upande usio wako, na vioo vya pembeni huenda havina umbo moja. Jua la kule pia hukausha raba na plastiki mpaka zipasuke. Na tangu mafuriko ya Aprili 16, 2024 yaliyozamisha magari mengi Falme za Kiarabu, mimi hukagua kila mlango wa kutoka huko kwa ndani: tope kwenye pembe za chini, ukungu kwenye kitambaa, kijani kwenye plagi za nyaya. Bati la mlango laweza kuwa zima na mota ya kioo na kitasa vikawa vimekufa. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema. Nami naongeza kwamba hata mlango mwenyewe ufunguliwe.

Rangi

Usilipe zaidi kwa sababu "rangi ni ile ile". Tafuta kodi ya rangi kwenye kibandiko cha gari na uilinganishe. Nyeupe ya Fuji White ni 867, nyeusi ya Santorini Black ni 820. Hata kodi zikilingana, gari lililokaa miaka kumi juani Mombasa halitafanana na boneti iliyotoka London. Weka bajeti ya kupaka rangi tangu mwanzo. Ukiamua kubadilisha rangi ya gari zima, sheria inataka NTSA wajulishwe, kwa kuwa rangi imeandikwa kwenye kitabu.

Kipande cha wizi

Hapa naomba tusikilizane. Range Rover ni gari linaloibwa sana, na bandari yetu imewahi kupitishiwa magari ya kifahari yaliyoibwa Uingereza yakiwa yamefichwa ndani ya kontena. Yasiyouzika mazima huuzika vipande. Kiingiacho mjini si haramu ni msemo wetu, lakini mahakamani hauna kazi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kujua, na kifungo chake hufika miaka 14. Mlango unaouzwa robo ya bei, usiku, bila risiti, na namba zimekwanguliwa, tayari ni sababu ya kujua.

Tena wizi huo unarudi kwetu. Kioo cha pembeni ulichonunua kichochoroni leo ndicho kinachomfanya kijana ang'oe cha jirani yako kesho. Dai risiti yenye jina la muuzaji, maelezo ya kipande na namba ya chasisi ya gari kilikotoka. Asiyeweza kuandika hayo, muache na mali yake.

Mpangilio ninaoufuata

Anayeniuliza leo humwambia afuate hatua hizi, na asiruke hata moja.

1. Piga picha namba ya chasisi na kibandiko cha rangi cha gari lako.
2. Mwambie fundi afungue palipoumia kabla hujaagiza, ujue kama mhimili na mabano navyo vinahitajika. Kuagiza mara mbili ni kulipa usafiri mara mbili.
3. Mtumie muuzaji namba, si jina la gari. Dai namba ya gari lililochinjwa na ya kipande.
4. Omba picha za mbele, mgongo, kingo, bawaba na plagi, zikipigwa mchana. Video ya simu ni bora zaidi.
5. Hesabu bei ya kufika mlangoni kwako. Boneti ni nyepesi lakini inakula nafasi, na meli hutoza nafasi. Ongeza ushuru, VAT ya asilimia 16, wakala wa forodha, usafiri na rangi. Ndipo ulinganishe na kipande kilichopo hapa mjini.
6. Kipande kikifika, kijaribishwe kwenye gari kabla hakijapakwa rangi. Mapengo yakiwa sawa pande zote, ndipo kiende kwa fundi wa rangi.

Hatua hii ya mwisho mafundi wengi hawaipendi kwa sababu inawalazimu kufunga na kufungua mara mbili. Walipe hiyo kazi ya ziada. Ukishapaka rangi, hakuna muuzaji atakayekubali kurudishiwa.